Mwalimu Kioo na Mtoto Asiyezaliwa

Tulimwacha Msusi amepiga magoti kwenye mkeka, kidole cha Mwalimu Kioo kikiwa katikati ya paji la uso wake, na ukumbi mzima umenyamaza kama watu waliomeza gundi.

"Mwanamke huyu," alisema Mwalimu, "ana mtoto wa kiume. Alimzaa akiwa msichana, akawapa watu, kisha akarudi kusuka nywele kama mtu ambaye hajawahi kunyonyesha."

Ukumbi ukaguna. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akaangua kilio, na mtoto mwenyewe hata si wake.

Msusi naye alilia. Alilia kwa kwikwi, mabega yakimruka, na kila aliyemwona alidhani yale ni majuto. Majuto wapi! Alikuwa analia kwa sababu mtoto huyo hakuwahi kuzaliwa. Msusi hajapata kubeba mimba, hata ya kusingiziwa. Mtoto alitoka kinywani mwake mwenyewe, ndani ya saluni yake, akiwa ameshika chanuo.

Sasa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita ulilifungia viatu, sogea nikupe kwa ufupi.

Mwalimu Kioo anaitwa hivyo kwa sababu anakutazama mara moja tu, halafu anakusomea mpaka ulichoficha chini ya godoro. Siku ya kwanza Msusi alipofika pale, aliambiwa habari za mume aliyemkimbia, hadi rangi ya begi aliloondoka nalo. Akaanguka chini. Akaamini kwa moyo wake wote, na moyo wa Msusi si mdogo.

Lakini baadaye wateja wake wakaanza kununa. Kila walichokisema kwenye kiti cha saluni, walikisikia mkutanoni kutoka kwa Mwalimu, kikiitwa ufunuo. Mke wa mwenye duka la vitambaa alitangaziwa ugomvi wake wa chumbani mbele ya mama mkwe wake. Tangu siku hiyo kichwa chake anasukwa kwingine.

Ndipo Msusi akatega mtego. Akatunga mtoto. Akamwambia mtu mmoja tu, tena kwa kunong'ona: shoga yake wa miaka mingi, anayepaka wateja rangi za kucha hapo saluni, yule tunayemwita Kucha.

Na leo mtoto huyo ametoka kwa Mwalimu na nepi zake.

*

Asubuhi yake Kucha alikuwa ameinama, ameloweka miguu ya mteja kwenye beseni, anaimba.

"Shoga, macho yamekuwa mekundu hivyo, ulilala kwenye moshi?"

"Toka," alisema Msusi.

"Nitoke wapi?"

"Toka kwenye saluni yangu. Beba chupa zako, beba tupa zako, toka."

Mteja akainua shingo. "Na miguu yangu je?"

"Toka nayo!"

Kucha akasimama, maji yakimtiririka kwenye viwiko. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, na huwa hagombani kabla ya kunywa chai. Siku hiyo chai ilikuwa bado haijachemka.

"Nieleze kosa langu, nitoke nikiwa nalijua."

"Nilikwambia habari za mtoto. Wewe peke yako. Jana Mwalimu kaisema mbele ya ukumbi mzima."

"Unanisingizia mimi? Mimi na Mwalimu hatuna hata salamu! Nilimwendea mara moja, akaniambia ndoa yangu iko njiani. Mpaka leo iko njiani, labda imepanda kobe. Ningekuwa mpelelezi wake si angenipa hata bwana wa muda?"

Mteja akacheka, kisha akaona uso wa Msusi, akaacha.

"Nilikwambia peke yako, Kucha."

"Peke yangu?" Kucha akageuka polepole. Akanyoosha kidole chenye rangi ya zambarau kuelekea kwenye kona, karibu na dirisha. "Na yule wa pale, siku ile alikuwa mtungi?"

Konani palikuwa na kigoda kitupu. Juu yake, kwenye nondo za dirisha, mafungu ya nywele za bandia yalikuwa yananing'inia, yamechambuliwa vizuri, nyembamba kwa nyembamba, tayari kwa kusukwa.

Kigoda cha mama yake Msusi. Kila siku mama hukaa pale akichambua nywele za wateja, kichwa kimelala upande, midomo imeachana kidogo kama mtu aliyesinzia.

"Mama hasikii vizuri," alisema Msusi.

"Mama yako hasikii akiambiwa apunguze chumvi. Lakini sufuria ikifunuliwa nyumba ya tatu, anakwambia ni mboga gani."

Msusi alitaka kucheka. Badala yake akakitazama kigoda.

Mtu anayesukwa haangalii watu. Kidevu kiko kifuani, shingo imekunjwa, maneno yanamtoka yenyewe yakielekea sakafuni. Msusi naye macho yake yako kwenye mstari wa utosi. Saluni nzima imeangalia chini. Miaka yote hiyo nani alikuwa anamwangalia bibi wa kwenye kona?

"Naomba taulo," alisema mteja, huku anatoa miguu kwenye beseni. "Wiki iliyopita nilizungumza humu habari za shemeji yangu. Naomba taulo haraka."

*

Nyumbani mama alikuwa kitandani, miguu ameiegemeza juu ya mito. Miguu ilikuwa imevimba, inang'aa kama iliyopakwa mafuta. Alipomwona binti yake hakungoja hata salamu.

"Umekuja naye?"

"Nani, mama?"

"Mjukuu wangu."

Msusi akashika nguzo ya kitanda.

"Mimi nilikubeba mgongoni mpaka ukaona haya mwenyewe," alisema mama. "Nilikuosha, nikakulisha, nikakusuka nywele za kwanza. Wewe umezaa mtoto ukanificha. Nimesikia kwenye kigoda kama mpita njia. Hivi mimi ni nani kwako?"

"Mama, ulimwambia Mwalimu?"

"Nilimpelekea mzigo."

"Mzigo gani?"

"Mizigo ya watu." Mama alisema hivyo kwa fahari kidogo, kama mtu anayetaja kazi yake. "Alisema mwenye macho atumike kwa macho, mwenye mikono kwa mikono. Mimi macho hayaoni tundu la sindano, magoti hayakunjiki. Nimebakiwa na masikio. Akaniambia, 'Bibi, niletee mizigo unayoisikia nikaiombee, usimwambie mtu, maana ibada ya siri ndiyo kubwa.' Nikampelekea. Sikupeleka umbea mimi. Nilipeleka huku nalia."

"Na habari za mume wangu?"

Mama akarekebisha mto chini ya miguu.

"Mama. Wewe ndiye uliyenipeleka kwa Mwalimu. Ulinishika mkono ukasema, twende, huyu anaona. Nikaenda, akaniambia habari za mume wangu. Nani alimwambia?"

"Mimi nilimwambia machache. Mengine aliongezewa na Mungu."

"Begi je?"

"Begi nilimwambia."

"Na rangi ya begi?"

Mama alivuta shuka mpaka kifuani. "Labda na rangi."

Jamani. Kuna kudanganywa na mtu wa barabarani, ukasema basi, ni wa barabarani. Lakini jambo lililomlaza Msusi kifudifudi, lililomfanya asadiki kwamba kuna jicho linamwona hata akilia peke yake bafuni, lilikuwa limetoka kwa mama yake, limepita mlango wa nyuma, likarudi kwa mlango wa mbele limevaa joho.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Ndipo macho yake yakaangukia kikombe kilichokuwa dirishani. Akakichukua. Kilikuwa kimejaa vidonge. Vidonge vya presha vya mama, ambavyo anatakiwa ameze kila siku.

"Mama, mbona dawa ziko hapa?"

"Niko kwenye nadhiri."

"Nadhiri gani?"

"Ya mjukuu. Nilipompelekea Mwalimu mzigo wako, alishtuka. Akafumba macho. Akasema mtoto yuko mbali, ila kila kidonge nitakachokiacha ni hatua moja anasogea. Nitameza siku atakapofika na mama yake akampokea."

Hapo, wasomaji wangu, Msusi alijiona mwenyewe, waziwazi, bila msaada wa Mwalimu yeyote. Uongo alioutega ili umnase mwizi ulikuwa umemnasa mama yake, tena miguuni.

"Mama, nisikilize. Hakuna mtoto. Nilimtunga. Nilitaka kujua nani anatoa maneno ya saluni, basi. Haki ya Mungu, sijazaa."

Mama alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la huruma, lile analopewa mtoto anayesema hakula sukari huku ana sukari mdomoni.

"Alisema utasema hivyo."

"Nani?"

"Mwalimu. Alisema, 'Ukimuuliza atakana. Tena atakana kwa machozi.' Haya, na machozi hayo hapo."

"Mama, ulinionaje na tumbo? Lini?"

"Ulikaa mwaka mzima kwa shangazi yako ukijifunza kusuka."

"Nikarudi nimekonda!"

"Si ndiyo dalili yenyewe."

Msusi alibembeleza, akapiga magoti, akafoka, akabembeleza tena. Akaenda jikoni akasaga kidonge, akakichanganya kwenye chai. Mama alinusa kikombe, akakirudisha.

"Chai yako leo inanuka hospitali."

"Basi twende hospitali yenyewe. Naita gari sasa hivi."

"Waje kunibeba, nitapiga mayowe mpaka majirani waseme unaniua. Mwanangu, mpe mtu nafasi atimize nadhiri yake." Akavuta pumzi, na pumzi ile ilikwama katikati kabla ya kufika. "Nimechoka. Funga mlango."

*

Palikuwa na mtu mmoja tu ambaye mama alimheshimu kabla ya Mwalimu Kioo. Mtu huyo hafanyi mikutano ukumbini. Anashona magodoro.

Wanamwita Mzee Sijui, na jina hilo hakupewa kwa upendo. Zamani watu walijaa chumbani kwake wakati wa jioni, anasali nao, anawafundisha namna ya kukaa kimya na kujikagua. Tatizo lake lilikuwa moja. Ukimuuliza, "Mzee, mkwe wangu atarudi?" anasema, "Sijui. Tuombe." Ukimuuliza, "Mzee, umeonaje kuhusu biashara yangu?" anasema, "Sikuona kitu. Umeshawalipa wafanyakazi wako?" Sasa nani atatoka kwake na nauli yake akaulizwe habari za wafanyakazi? Watu wakahamia kwa anayeona. Mama yake Msusi akahama nao.

Msusi alimkuta amekalia godoro lililo wazi tumboni, nyusi zake zimejaa pamba kama amenyeshewa theluji ya kwenye picha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Kaa. Si hapo, hapo nimepoteza sindano."

Msusi akasimama. Akaeleza yote bila kupumua: kigoda, mtoto, vidonge, miguu. Mzee alishona huku anasikiliza, ila kila alipotajiwa miguu mkono ulisita.

"Nakuomba uje," alisema Msusi. "Mama bado anakuheshimu. Mwambie umeoteshwa. Mwambie umeota hakuna mtoto, na Mungu amesema anywe dawa."

"Sikuota."

"Najua hukuota, mzee. Sema tu."

"Jana niliota nakimbizwa na bata. Nikamwambie hiyo?"

"Unafanya mzaha na mama yangu anakufa?"

Mzee akachomeka sindano kwenye godoro. Akajipangusa nyusi, pamba ikahamia kwenye ndevu.

"Nitakuja sasa hivi. Nitakaa naye, nitamshika mkono, nitamsihi anywe dawa yake mpaka anichoke. Akiniuliza kama kuna mtoto, nitamwambia wewe umesema hakuna, nami nakuamini. Lakini kusema nimeoteshwa, hapana."

"Uongo mmoja! Wa kuokoa roho ya mtu!"

"Yule naye alianzia kwenye mmoja. Alikuwa anakaa hapo uliposimama. Nilimfundisha mimi."

Msusi akarudi nyuma hatua.

"Mwalimu Kioo alikuwa mwanafunzi wako?"

"Tena mzuri, alinishinda kwa sauti. Siku moja mama mmoja alikuja analia, mwanawe amepotea. Mimi nikasema sijui alipo. Yeye akaona huruma, akamwambia, 'Nimemwona, yu hai, anarudi.' Yule mama alicheka, mama, alicheka hivi nikamwonea wivu mwanafunzi wangu. Kesho yake walikuja wengine wanataka kuambiwa hivyo hivyo. Hakurudi kwangu tena."

"Na mtoto alirudi?"

"Sijui."

"Ndiyo maana watu walikukimbia!" Msusi alipayuka. "Unaona mtu anazama, unasimama ukingoni na usafi wako!"

"Walikimbia, ndiyo," alisema mzee, akitafuta kandambili zake chini ya godoro. "Na wewe ulikimbia nao. Haya, shika huu mfuko wangu, twende kwa mama."

Njiani Msusi alitembea mbele, amejaa hasira kwa mama, kwa Mwalimu, kwa Mzee Sijui, na kwa ulimi wake mwenyewe, ambao huo hakuweza kuuacha nyuma.

*

Walipofika, mlangoni palikuwa na viatu vingi kama vya msiba.

Msusi hakuvua hata viatu. Akatupa mfuko wa mzee, akakimbilia ndani.

Mama hakuwa amekufa. Mama alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti, amevaa gauni lake la kutokea, amejipaka poda, anacheka.

Kando yake alisimama Mwalimu Kioo, shati jeupe limefungwa vifungo vyote mpaka kooni. Waumini wake walikuwa wamejipanga ukutani. Na mbele ya mama, amepiga magoti, palikuwa na kijana mmoja mrefu, mwenye ndevu changa, mikono yake imo ndani ya mikono ya mama.

"Njoo," alisema mama. "Njoo umwone mwanao alivyokuwa mkubwa!"

Msusi alipotoka kwenda kumtafuta mzee, mama alikuwa amepiga simu. Alimwambia Mwalimu yale yale: binti yangu anasema hakuna mtoto, anasema alimtunga. Mwalimu Kioo akaelewa papo hapo kwamba ametegwa na amenaswa. Alikuwa na njia mbili tu, kukimbia au kuzaa. Akazaa.

"Tazama masikio yake," alisema mama. "Masikio ya babu yako kabisa!"

Masikio ya kijana yalikuwa masikio tu.

"Dada," alisema Mwalimu kwa upole, "nimesikia unamkana. Tumekuletea ili usimkane mbele za Mungu."

"Wewe mwongo mkubwa," alisema Msusi.

Waumini wakashusha pumzi pamoja. Mama akaacha kucheka.

Hapo Mzee Sijui akaingia, amebeba mfuko wake mwenyewe. Hakumsalimia Mwalimu wala Mwalimu hakumsalimia, ila mkono wa Mwalimu ulipanda kwenye kifungo cha juu cha shati, ukakishika. Mzee alikwenda moja kwa moja kwa mama, akachuchumaa, akamgusa mguu. Kidole chake kilipotoka pakabaki shimo.

"Dada yangu, meza dawa yako."

"Na wewe umekuja? Vizuri. Nambie mbele ya watu: huyu si mjukuu wangu?"

Chumba kizima kikamwangalia. Msusi alimtazama mzee kwa macho ya kuomba. Neno moja, mzee. Umeota. Sema umeota.

"Kijana huyu sijui ni wa nani," alisema mzee. "Binti yako ameniambia hajazaa, nami nimemwamini. Ninachokiona ni mguu huu. Meza dawa, mengine tutayauliza kesho ukiwa hai."

"Mmesikia?" Mwalimu akageukia waumini. "Hata leo hajui!"

Wakacheka. Kicheko hicho kilimpita mzee kama upepo, lakini Msusi alikiona kikimpata mama, kikimthibitishia.

"Bibi ana nadhiri," aliendelea Mwalimu. "Mama wa mtoto akimpokea, nadhiri imetimia, bibi atameza dawa yake mbele yetu sote. Akimkataa..." Akainua mabega, akayashusha.

Mama alifumbua kiganja. Kidonge kilikuwa humo, kimeanza kulowa jasho. Midomo yake chini ya poda ilikuwa imepauka, na kifua chake kilipanda na kushuka kama cha mtu aliyepanda ngazi wakati hajainuka kitini.

"Mwanangu," alisema. Hakuwa anaamuru tena. "Mimi sikudai kitu maisha yangu yote. Mpokee tu. Ukimkataa, na mimi sitameza. Afadhali nife nikiwa kwenye nadhiri kuliko niishi nikijua nimezaa mtu anayemtupa mwanawe mara mbili."

"Mama, utakufa kwa ajili ya jambo ambalo halipo."

"Lipo. Nimelishika mikono."

Msusi alimwangalia Mwalimu. Mwalimu alimwangalia, na kwa mara ya kwanza alimwona kweli: mwanamke aliyebanwa, asiye na pa kutokea. Akimpokea kijana huyu mbele ya mashahidi wote hawa, kesho atasimama wapi aseme Mwalimu ni tapeli? Nani atamsikiliza? Akimkataa, mama yuko pale na kidonge mkononi.

Kifua cha mama kikakwama tena. Safari hii kilichelewa kurudi.

"Karibu nyumbani, mwanangu," alisema Msusi.

Nyumba ikalipuka. Vigelegele, makofi, mtu akaangusha kiti. Mama aliweka kidonge kwenye ulimi, akapokea glasi ya maji, akameza. Akameza kweli, akafungua na mdomo kuonyesha kama mtoto. Machozi yalikuwa yanachora mistari kwenye poda.

Mzee Sijui akainuka kwa kushika magoti. Hakumlaumu Msusi kwa neno wala kwa jicho. Alisema tu, "Mpeleke hospitali sasa, wakati amefurahi atakubali," akaenda kukaa karibu na mlango.

Mwalimu akainama kwenye sikio la Msusi. Alinukia sabuni nzuri.

"Mkutano ujao utakaa mbele," alinong'ona. "Wewe na mwanao. Mtatoa ushuhuda."

Kisha akamsukuma kijana kidogo begani, na kijana akaja, akamkumbatia Msusi.

Msusi alisimama kama ubao. Alijiambia, huyu ni mwigizaji, amepangwa, amekodishwa kama viti vya harusi. Akajiandaa kumfinya mbavuni kwa siri, amwambie pale pale kwamba anamjua.

Lakini kijana alikuwa anatetemeka. Alitetemeka kuanzia magotini, na mtu hawezi kujifunza kutetemeka hivyo kwa siku moja. Shingo yake ilikuwa ya moto. Alimshika Msusi kwa nguvu ya mtu anayeogopa kwamba akilegeza mikono atabaki na hewa, na machozi yake yalikuwa yanaingia kwenye kola ya gauni la Msusi, moja baada ya jingine.

"Mwalimu aliniahidi tangu mwaka jana," alinong'ona, sauti imekatika. "Nikamwambia usinidanganye, baba, nimeshadanganywa sana. Akasema atakuleta, na ukinikubali kwa mdomo wako mwenyewe nijue ni kweli. Umenikubali. Pale kwenye kituo cha kulelea watoto, wenzangu kila Jumapili walikuwa wanachukuliwa. Mimi nilivaa shati safi kila Jumapili mpaka umri ukanipita. Sina hasira, haki ya Mungu sina. Nataka kujua tu."

Akajitoa kidogo, akamtazama Msusi usoni, macho yake makubwa, mekundu, hayana hila hata chembe.

"Mama, kwa nini uliniacha?"